Sehemu ya wananchi kwenye mradi wa serikali: fedha, nguvu kazi, Mfuko wa Jimbo au wazaliwa wa kijiji?

Barua ikitoka halmashauri kwamba serikali imetenga fedha za zahanati ya kijiji chenu, furaha hudumu mpaka aya ya pili. Aya hiyo ndiyo inayosema wananchi watachangia. Mara ni kusomba mchanga na mawe, mara ni kuchimba mtaro wa bomba, mara ni kuinua boma, yaani kuta zisizo na paa, mpaka linta ile ya zege juu ya milango na madirisha, ndipo serikali ije kupaua na kumalizia. Kijiji kilicho mbali na lami, ambako mfuko wa saruji hufika umeshapanda bei kwa nauli ya lori, kinaanza kujiuliza sehemu yake itatoka wapi.

Nimekuwa katibu wa kamati ya ujenzi ya kijiji kwa miaka sita. Nimeona zahanati ikikamilika na mama akijifungulia ndani yake wiki ya pili baada ya kufunguliwa. Nimeona pia boma la madarasa mawili likibaki boma mpaka mpapai ukaota ndani, ukazaa, watoto wakawa wanaangua mapapai mahali palipokusudiwa kuwa ubao. Vijiji vyote viwili vilichanga. Tofauti ilikuwa walichochanga, lini, na nani alikiandika.

Kwa muda mrefu viwango vilivyozoeleka Tanzania vimekuwa shilingi milioni 12.5 kwa serikali kumalizia boma la chumba kimoja cha darasa, na milioni 50 kwa boma la zahanati. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilikuja tofauti: milioni 20 kwa darasa, likianzia chini kabisa. Miradi ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tangu ianze mwaka 2000, nayo ilikuwa na kipengele cha mchango wa jamii. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza fedha mnazoletewa ni za namna gani na zinaanzia hatua ipi. Pili, mwombeni mhandisi wa halmashauri ramani na mchanganuo wa gharama kabla hata jembe moja halijagusa ardhi. Msingi uliochimbwa kwa ari bila ramani hukataliwa, na hakuna kinachovunja moyo wa wananchi kuliko kufukia walichochimba wenyewe.

Maswali manne ya kupimia

Kila chanzo nitakipima kwa maswali yaleyale.

Muda: kitapatikana kwa wakati? Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na fedha ambayo haijatumika huleta mlolongo mrefu wa maelezo. Wakati huohuo masika hukata barabara, na msimu wa kilimo hauwaachii watu nafasi. Fedha ikishuka Februari, mmebanwa na mvua, palizi na kalenda ya Hazina kwa pamoja.

Mzigo: nani hasa anaubeba? Elfu kumi ya mwenye duka haina uzito wa elfu kumi ya mjane anayelea wajukuu.

Ushahidi: mkaguzi akija baada ya mwaka, ataona nini mezani?

Kinachobaki: mradi ukiisha, kijiji kimebaki na nini cha kuutunza?

Fedha taslimu kwa kila kaya

Chukua hesabu ya mfano. Kijiji kina kaya 300, mkutano mkuu umekubaliana shilingi 20,000 kwa kaya. Kwenye karatasi ni milioni 6. Ikiwa theluthi mbili wamelipa ifikapo siku mnayohitaji saruji, mna milioni 4, na hiyo milioni 4 ndiyo muipangie. Kamati nyingi hukwama kwa sababu zilikopa vifaa dukani kwa kutegemea ile sita.

Kwa muda, fedha huja haraka baada ya mavuno na karibu haiji kabisa Januari na Februari, miezi ya njaa na ada. Kijiji cha korosho, ufuta, kahawa au pamba kina nafuu, kwa sababu wanachama wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanaweza kukubaliana wenyewe kwenye mkutano wao kukatwa kiasi fulani kwa kilo, na mzigo ukafuata mavuno ya kila mtu. Kijiji cha wafugaji mambo yake hufuata mnada. Kijiji kinacholima chakula tu kikauza madebe mawili matatu ya mahindi kisijidanganye.

Kwenye mzigo ndipo penye jeraha. Wengi wetu tunakumbuka ujenzi wa sekondari za kata katikati ya miaka ya 2000: shule zilipatikana, watoto waliokuwa wanaishia darasa la saba wakasoma, na hilo ni jambo kubwa. Lakini pia mgambo walipita nyumba kwa nyumba na kuku wakachukuliwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima shuleni, vijiji vingi vilishusha pumzi. Mchango unaoamuliwa leo lazima upite mkutano mkuu wa kijiji, na mkitaka uwe na nguvu ya sheria ndogo, sheria hiyo lazima ipate kibali cha halmashauri ya wilaya. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango wa baba yake. Orodha ya msamaha, yaani wazee, wagonjwa na wajane wasio na kitu, isomwe mkutanoni hapohapo, ili asiyelipa kwa haki asije kunyooshewa kidole kisimani.

Kwa ushahidi, fedha haina mpinzani, mradi kila shilingi iwe na stakabadhi na ipite akaunti ya benki. Fedha inayokaa kwenye droo ya mwenyekiti, hata kama mwenyekiti ni mwaminifu kama malaika, huzaa maneno. Kinachobaki baada ya mradi ni kidogo, isipokuwa kama mapato na matumizi yalibandikwa ubaoni mpaka senti ya mwisho. Hapo watu huchanga tena mkiwaita.

Inawafaa: vijiji vyenye zao la biashara, watu wengi wenye kipato, au kazi ambayo haifanyiki kwa mikono, kama kununua nondo, nyaya na mabati.

Nguvu kazi na vifaa vya asili

Huu ndio mchango wa vijiji vya mbali, na ndio unaodharauliwa zaidi kwa kuwa hauna risiti. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea: kuchimba mtaro, kusomba mchanga na maji, kuponda kokoto kwa nyundo, kufyatua na kuchoma tofali. Nitakaa hapa kidogo.

Mradi wetu wa kwanza wa maji ulitutaka tuchimbe mtaro. Vitongoji vitano viligawana njia ya bomba, kila kaya ikapimiwa hatua zake kwa kamba yenye fundo. Kitongoji kimoja kiliangukiwa na mwamba. Wanaume walikoka moto juu ya jiwe usiku kucha, asubuhi wakalimwagia maji likapasuka, wakaendelea. Wanawake wenye watoto mgongoni walichota maji ya zege kutoka korongoni, ndoo baada ya ndoo. Siku ya kikao cha tathmini afisa mmoja alifungua fomu, akauliza mchango wa wananchi ni shilingi ngapi. Mwenyekiti wetu akajibu kwa fahari, "Wamejitolea sana." Afisa akarudia, "Shilingi ngapi?" Hakukuwa na daftari. Kwenye taarifa tukaandikiwa sifuri, na mwaka uliofuata tulipoomba mradi mwingine, sifuri ile ilitutangulia.

Tangu siku hiyo tuna counter book. Kurasa zake zina safu sita: tarehe, jina, kitongoji, kazi, saa au kiasi, sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na nimebaki na kurasa zilizojaa alama za wino wa buluu kama mbegu za ufuta. Kila jioni mjumbe wa kitongoji anasaini chini. Mwisho wa wiki tunajumlisha: siku za kazi mara kiwango anacholipwa kibarua hapa kwetu, tripu za mchanga mara bei ya hapa pamoja na usombaji. Viwango hivyo tunakubaliana na mhandisi kabla ya kazi kuanza, kwa maandishi. Vikibuniwa baadaye, hakuna mkaguzi atakayevikubali, na atakuwa na haki.

Kwa muda, nguvu kazi hutii kalenda ya shamba. Dirisha lake ni baada ya mavuno mpaka mvua za kwanza. Vifaa navyo vina umri: lundo la mchanga linalosubiri lori la saruji miezi mitatu husombwa na mvua, na tofali mbichi zisizofunikwa hurudi kuwa udongo. Sombeni mchanga mwishoni kabisa, yaani saruji ikiwa njiani.

Ubora unahitaji jicho. Mhandisi aende mtoni aone shimo la mchanga kabla hamjasomba, kwa sababu mchanga wenye udongo mwingi humaliza nguvu ya zege. Tanuri la kwanza la tofali lichomwe dogo, lipimwe, ndipo mchome kubwa. Kokoto za nyundo zilingane ukubwa. Mambo haya hayagharimu fedha, yanagharimu safari moja ya mhandisi, na safari hiyo ifuatilieni hata kwa kumpigia simu kila siku.

Mzigo unaonekana sawa lakini si sawa. Wanawake hubeba maji na mchanga, wanaume huchimba, na siku ya kuhesabu maji husahaulika. Yaandikwe. Nyumba isiyo na mtu mwenye nguvu ipewe kazi ya kupika uji au kulinda vifaa, nayo ihesabiwe.

Kinachobaki ndicho kinachonifanya niupende mchango huu. Waliochimba mtaro ndio wanaojua bomba linapopita. Likipasuka, hawasubiri mtu wa wilayani aje na ramani. Wanakwenda moja kwa moja kwenye mkunjo karibu na mwembe. Chombo cha watumiaji maji kinachosimamia mradi chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, huwa na kazi nyepesi mahali ambapo watu walichimba wenyewe.

Inawafaa: vijiji vyenye fedha kidogo na watu wengi, vyenye mto, mawe au udongo mzuri karibu, na vyenye mtu mmoja mwaminifu wa kushika daftari. Haivifai vijiji ambavyo vijana wamehamia migodini au mjini, wakabaki wazee na watoto.

Mfuko wa Jimbo na mapato ya ndani

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha hutoka serikali kuu, hugawanywa kwa kutazama mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo, huingia akaunti ya halmashauri, na kamati inayoamua miradi huongozwa na mbunge. Jina lake linajieleza: ni wa kuchochea. Hupenda kukuta wananchi wameshaanza. Mapato ya ndani ni jambo jingine: kila halmashauri inatakiwa kupeleka kwenye maendeleo sehemu ya mapato yake, kutegemea uwezo wake. Halmashauri yenye madini au mji mkubwa ina cha kugawa. Yetu inategemea ushuru wa mazao, na mvua ikikosa, ushuru nao hukosa.

Muda hapa hauko mikononi mwenu. Maombi yapite kwenye kamati ya maendeleo ya kata, diwani ayabebe, kamati ya mfuko ikae, manunuzi yapite NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Hesabuni miezi. Faida kubwa iko kwenye mzigo, maana hakuna kaya inayoguswa. Ushahidi uko kwenye vitabu vya halmashauri na ni imara.

Lakini kuna mtego ambao umewaumiza wengi. Fedha hizi ni za umma. Mradi unaodai mchango wa wananchi unaweza usizihesabu kama mchango wenu. Mwandikieni mkurugenzi barua ya mistari minne, mkiuliza kama mabati ya Mfuko wa Jimbo yatahesabiwa upande wa kijiji. Jibu la mdomo lisiwatosheleze.

Kinachobaki kinategemea mlivyoupata mradi. Zahanati iliyoitwa ya mbunge fulani huanza kuwa yatima siku mbunge anapobadilika. Msomaji wa Kenya atalijua hili kutoka kwenye NG-CDF, mfuko wa majimbo wa kwao, ambao sheria ya mwaka 2015 iliutengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa mapato wa serikali ya kitaifa: fedha ni nyingi zaidi kuliko zetu, na swali la nani mwenye mradi ni lilelile.

Inawafaa: vijiji ambavyo boma limeshafika linta na kinachokosekana ni kitu kimoja kinachohesabika, kama mabati 120 au mifuko 80 ya saruji. Ombi la kitu kimoja hupita kwa urahisi kuliko ombi la "kusaidiwa ujenzi".

Wazaliwa wa kijiji na wahisani

Karibu kila kijiji sasa kina kundi la WhatsApp la wazaliwa wake walioko Dar es Salaam, Mwanza, Muscat, hata Marekani. Kwa muda, hakuna chanzo chenye kasi kama wao: picha ya mama aliyebebwa kwa machela kwenda hospitali inaweza kuleta fedha usiku uleule kwa simu. Kwa uhakika, hakuna kinachoyumba zaidi. Ahadi za mwezi wa kwanza huwa nusu mwezi wa tatu. Msiandike kwenye bajeti fedha ya ahadi, andikeni iliyoingia.

Mzigo unakwenda kwa walio mbali na wanaoumwa na kwao, na wengi hutoa kwa moyo. Ushahidi ni rahisi kama akaunti ni ya kijiji au ya kituo, na ni balaa kama ni simu ya mtu mmoja, hata akiwa mwanenu mpendwa. Wekeni watia saini watatu, mmoja awe huko nje aone taarifa ya benki mwenyewe.

Mashirika ya dini na wahisani wengine hufanana na hawa, ila huja na ramani zao. Zahanati iliyojengwa kwa ramani ya mhisani inaweza kukosa chumba ambacho wizara inadai, na bila chumba hicho haipati usajili, na bila usajili haipati mganga wala dawa. Mhandisi na mganga mkuu wa wilaya waione ramani kwanza. Kinachobaki ni mawasiliano: mtu aliyechangia mlango hurudi Krismasi kuuangalia, na huuliza kitasa kimekwenda wapi.

Inawafaa: vijiji vyenye wasomi na wafanyabiashara waliotoka, na vyenye dharura inayoeleweka kwa picha moja.

Neno kuhusu ardhi

Ardhi nayo ni mchango, na mara nyingi ndio wa kwanza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia na mkutano mkuu huidhinisha. Mzee akitoa ekari mbili, muhtasari usainiwe na yeye na watoto wake wakubwa, mipaka ipandwe miti au mawe. Nimeona kisima kikifungwa kwa kufuli na mjukuu aliyesema babu hakumshirikisha.

Mkiwa katika hali gani, mfanye nini

Kama fedha ya serikali imeshashuka na Juni iko mlangoni, msianze kukusanya kaya kwa kaya. Nendeni kwa wazaliwa kwa vifaa vya dukani, na kwa nguvu kazi ya siku chache zilizopangwa kwa kitongoji.

Kama mradi ni wa maji na njia ya bomba ni ndefu, nguvu kazi ndiyo iwe uti wa mgongo, fedha kidogo ya kaya ikalipe fundi na kuanzisha mfuko wa matengenezo siku ya kwanza, kabla maji hayajatoka.

Kama mwaka huu mavuno yameharibika, ahirisheni fedha ya kaya kwa uamuzi wa mkutano mkuu, uandikwe, na mwombe halmashauri ihesabu kazi ya mikono badala yake. Mbaneni mtu mwenye njaa na mtampata adui wa zahanati.

Kama mko karibu na uchaguzi, pelekeni ombi la Mfuko wa Jimbo mapema na kwa jina la kijiji, muhtasari ukiwa na mahudhurio yaliyosainiwa na watu wa vyama vyote.

Kama kijiji ni kipya katika haya yote na hakina hata shilingi ya kuonyesha, anzeni na daftari na lundo moja la mawe lililopimwa. Diwani hupata cha kusemea barazani anapokuwa na picha ya lundo na kurasa tatu za majina.

Na kama tayari mna boma lililosimama miaka mingi, msinunue bati lolote. Mleteni mhandisi alizunguke, agonge kuta, achimbe kidogo pembeni mwa msingi. Sisi tulipomleta, alikuta nyufa mbili upande wa magharibi, akaagiza ukuta ule ushushwe kozi sita za tofali ujengwe upya. Tuliushusha wenyewe siku mbili, tukaandika majina 64 kwenye daftari, na mpapai tukauacha mpaka ulipoiva matunda ya mwisho.